Nyanya za Kusi

Watu wengi hapa Mtwara watakwambia nyanya haikubali pwani. Nimelisikia neno hilo sokoni, kwenye bajaji, hata kwa watu wanaoishi kwa kuuza mchicha: nyanya ni zao la Iringa, sisi tumejaliwa korosho na nazi. Ukiwauliza walijaribu lini, karibu wote wanakujibu Desemba, mvua zilipoanza. Hapo ndipo jambo lilipoharibikia. Nyanya pwani inakubali, tena inakubali vizuri, ila ina miezi yake, na miezi hiyo siyo ile ambayo mtu wa kusini amezoea kushika jembe.

Sisi tuna msimu mmoja wa mvua. Unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, mwaka mwingine unasogea mpaka Mei. Mahindi, kunde, karanga, ufuta, mbaazi, vyote tunavipanga kwa msimu huo. Kwa hiyo mtu akipata kipakiti cha mbegu za nyanya anazitia ardhini pamoja na mahindi, akihesabu kwamba maji ya bure yamekuja. Lakini nyanya haipendi kulala imelowa. Majani yakishinda na maji na yakakesha na maji, bakajani linaingia, majani ya chini yanapata madoa ya kahawia, ugonjwa unapanda ngazi kwa ngazi mpaka mche unabaki fito. Na joto nalo lina kazi yake. Usiku ukibaki juu ya nyuzi joto 24 hivi na mchana ukapita 32, chavua inapoteza nguvu, ua linageuka manjano kwenye kifundo chake na kudondoka bila kufunga tunda. Januari na Februari usiku wa Mtwara haupoi kiasi cha kutosha. Ndiyo maana jirani anakuwa na mche wa kiuno kizima, wa kijani, unaopendeza kupigiwa picha, na hauna hata nyanya moja.

Kisha inakuja kusi. Kuanzia Mei upepo unageuka, mvua zinakatika, na kufika Juni tuko kwenye kipupwe. Usiku unashuka kukaribia nyuzi 20, wazee wanaulizia shuka zito, mchana jua linawaka lakini halichomi. Upepo unakausha umande mapema asubuhi, kwa hiyo ukungu haupati pa kukalia. Hali hii tunayo kuanzia Juni hadi Septemba, na ndiyo hali ambayo mche wa nyanya unaitaka. Kinachokosekana ni maji tu, na maji mtu wa nyumbani anayapata kwa ndoo, kwa sababu anamwagilia miche michache nyuma ya jiko, si ekari.

Sasa angalia tunakuwa wapi miezi hiyo. Tuko kwenye korosho. Juni, Julai, Agosti ni miezi ya kupulizia salfa, ya kupigana na ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, usiue maua, ya kufyeka chini ya mikorosho. Mji mzima unazungumza korosho, na ni haki yake, maana ndiyo inayolipa ada za watoto na mabati ya nyumba. Nyanya ya mchuzi tunaiacha ije kwa lori. Inatoka nyanda za juu, inapakiwa ikiwa bado ngumu, inapita Dar es Salaam na kushuka kwa barabara ya Kibiti na Kilwa, au inazungukia Songea na Tunduru mpaka Masasi. Ikifika kwetu imeshakaa kwenye tenga siku kadhaa, imebonyezwa na wenzake, na imechaguliwa kwa ugumu wa ngozi kuliko utamu.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam kule Somanga, wilayani Kilwa, nilikaa jikoni nikaona wazi jinsi tulivyo. Nyanya ziliadimika. Mafungu sokoni yalipungua, bei ikapanda, na zile zilizobaki zilikuwa zimelegea. Mji una ardhi kila uani, una visima, una samadi ya mbuzi hadi inatupwa, na mchuzi unategemea daraja la wilaya nyingine. Tangu hapo nyanya imekuwa kwangu jambo la kushikilia, wala si la kupitishia muda.

Nyumba yangu iko upande wa bahari, na udongo wake ni kichanga. Mtu wa Naliendele au wa njia ya Newala ana udongo mwekundu unaoshika maji. Mimi nikimwaga ndoo, nikigeuka nyuma haionekani. Kinachosaidia ni makumbi ya nazi. Ninachimba tuta kwa kina cha mkono hadi kiwikoni, natandika makumbi yakiwa yamelala na upande wa nyuzi ukitazama juu, naweka samadi iliyooza juu yake, ndipo narudishia mchanga uliochanganywa na mboji. Makumbi yananyonya maji na kuyaachia polepole, na mizizi ya nyanya inayafuata. Ila yasiwe yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokotea kamba. Hayo yamejaa chumvi ya bahari na yatakuulia miche. Na nimeona watu wakitumia maganda ya korosho kufunika matuta. Mimi siyatumii. Mafuta yaliyomo yanaunguza ngozi, kila aliyewahi kubangua kwa mkono anajua vidole vinavyokuwa, na bustani ya nyumbani ni mahali ambapo watoto wanaingiza mikono.

Samadi iwe imeoza kweli. Ya mbuzi inakaa miezi kadhaa chini ya kivuli, inageuziwa, mpaka ukiishika haina joto wala harufu ya zizi. Ya kuku ni kali zaidi, kidogo kinatosha, na ukizidisha unapata majani mengi na maua haba.

Mbegu napendelea zile zinazoweza kurudiwa. Tanya na Tengeru 97 zilitoka kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, mwaka 1997, na bado ni nzuri kwa bustani ya nyumbani: ngozi ngumu kiasi, zinavumilia, na mbegu zake ukizihifadhi mwakani zinakupa nyanya ileile. Cal J nayo ni fupi, haidai fito ndefu, inafaa mahali penye upepo. Chotara zinazaa sana, sikatai, lakini kila msimu urudi dukani, na mbegu zake ukizipanda tena watoto hawafanani na mama. Kwa anayelima kwa kuuza hesabu hiyo inaweza kumlipa. Kwa anayelima kwa ajili ya sufuria yake, hailipi.

Kitalu nakiweka mwishoni mwa Aprili, chini ya kichanja cha makuti, kwa sababu mvua za mwisho bado zinaweza kuanguka kwa nguvu na kung'oa mbegu. Ndani ya wiki moja hivi zinachungulia. Baada ya wiki tatu mpaka nne, mche ukiwa na majani manne au matano ya kweli na shina kama unene wa penseli, unahamishwa. Nahamisha jioni. Naufukia mpaka karibu na majani ya kwanza, maana shina la nyanya lililozikwa linatoa mizizi ubavuni, na mche wenye mizizi mingi unastahimili kichanga. Kati ya mche na mche naacha nusu mita, kati ya mstari na mstari zaidi kidogo, ili kusi ipite katikati. Wengi wanabana kwa kuwa uwanja ni mdogo, kumbe miche michache yenye hewa inazaa kuliko mingi iliyokumbatiana.

Fito nasimika siku ileile, kabla mizizi haijatawanyika, na uzio ni nyavu chakavu za wavuvi. Hapa kwetu nyavu zilizochoka hazikosekani. Zinazuia kuku, ambao mche mchanga wa nyanya kwao ni mboga, na baadaye wanadonoa tunda moja moja mpaka unalia. Wavu pia unapunguza makali ya upepo bila kuuzuia kabisa, na hilo ukuta wa matofali hauwezi.

Habari ya maji inahitaji nafasi yake. Visima vya karibu na bahari vina chumvi. Vingine chumvi ni ya mbali, unaisikia kwenye chai. Vingine hata sabuni haitoi povu. Nyanya ina uvumilivu wa wastani. Maji yenye chumvi kidogo inayameza, ila tunda linakuwa dogo, kwa sababu mche unapata taabu kuvuta maji, na sukari inabaki imejikusanya katika nyama kidogo. Matokeo yake ni nyanya ndogo, tamu, yenye ukali wake kwenye ulimi, ambayo nyanya ya lori haiifikii hata kwa mbali. Nasema hivi kwa moyo wangu wote: nyanya tamu kuliko zote nilizokula nimezila hapa, kutoka kisima ambacho watu hawakitaki kwa kunywa. Lakini kuna mpaka. Chumvi ikizidi, ncha za majani zinaungua, na matunda yanaoza kitako, doa jeusi kavu upande wa chini, kwa kuwa chokaa haipandi vizuri ndani ya mche. Watu wanaliona doa lile wanakimbilia dawa. Hakuna mdudu pale wala ukungu. Tatizo ni maji, ama yana chumvi mno, ama leo yapo na kesho hayapo. Kumwagilia kwa mpangilio ndiyo tiba, na kuchanganya maji ya kisima na ya bomba siku yanapotoka.

Kuhusu kumwagilia nilifundishwa na bibi mmoja jirani, Mmakonde aliyekulia Newala, juu ya uwanda, kule ambako zamani maji yalifuatwa mabondeni na ndoo moja ilikuwa na hesabu yake. Alipita jioni moja akanikuta na kopo lenye matundu nikiinyeshea miche kutoka juu. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Sasa mbona unaiogesha? Hiyo haijachafuka. Inywe chini." Akainama, akachimba kwa vidole kisahani kuzunguka shina, akamimina nusu kopo polepole, akangoja liishe, akamimina nusu nyingine, kisha akavuta majani makavu akafunika. Kesho yake jioni nilifunua yale majani, mchanga ulikuwa bado una unyevu. Tangu hapo namwagilia hivyo, asubuhi, na juu ya kila kisahani kuna matandazo: nyasi, majani ya migomba, makuti yaliyokatwakatwa. Kwa maji ya chumvi njia hii ina faida nyingine. Majani hayaguswi na chumvi, na kila baada ya muda unamimina maji mengi kwa mpigo ili chumvi ishuke chini kupita mizizi. Mvua za msimu zikija zinamalizia kusafisha.

Wadudu. Anayesumbua kuliko wote ni kantangaze. Nchini aliingia mwaka 2014, asili yake ni Amerika Kusini, na tangu hapo hakuna mkulima wa nyanya asiyemjua. Ni kipepeo mdogo wa kijivu, wa kuruka usiku. Kiluwiluwi chake kinaishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kinakula nyama ya kijani na kuacha kibaka cheupe kama karatasi. Ukiliinua jani kwenye mwanga utakiona kimejikunja na kinyesi chake cheusi pembeni. Kwa sababu kimejificha ndani, dawa nyingi hazikifikii, na nyingine kimeshazizoea. Bustani ya nyumbani ina silaha ambayo shamba kubwa halina, nayo ni vidole na macho. Kila asubuhi wakati wa kumwagilia napitia majani, nikiona kibaka nakibana palepale kati ya vidole viwili. Jani lililoharibika sana nalikata na kulifungia kwenye mfuko wa plastiki juani, maana ukilitupa pembeni umewahamisha tu. Usiku unaweza kuweka beseni la maji yenye sabuni na taa juu yake. Vipepeo wanafuata mwanga wanaangukia majini.

Utitiri mwekundu unakuja Septemba, vumbi na ukavu vikizidi. Majani yanakuwa na vidoa vya njano na utando mwembamba kwa chini. Hapa salfa ya korosho ina kazi, kwani salfa inaua utitiri na inazuia ubwiriunga wa nyanya pia, na kila nyumba ya kusini ina mfuko uliobaki. Ila ipulizwe kidogo, jioni, siku zisizo na joto kali, kwa sababu jua la mchana likikutana na salfa juu ya jani, jani linaungua. Na matunda yaoshwe kabla ya kuliwa. Mwarobaini, ambao umejaa mji mzima, nautumia kwa inzi weupe: majani yanatwangwa, yanalowekwa usiku, yanachujwa, maji yake yanapulizwa na sabuni kidogo. Inzi weupe ndio wanaoleta ugonjwa wa majani kujikunja na kudumaa, na mche ukishaugua hauponi, ung'oe.

Mnyauko nao una namna yake ya kujitambulisha. Mche unaokuwa mzima asubuhi na kulegea wote saa saba mchana huku udongo una unyevu, ukate shina karibu na ardhi, uning'inize kipande ndani ya glasi ya maji safi. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe mithili ya maziwa ukishuka taratibu kutoka kwenye mkato. Nimewaonyesha watoto wa mtaani, wanashangaa kila mara. Mahali hapo usipande nyanya tena kwa miaka kadhaa, wala bilinganya, wala pilipili, wala nyanya chungu, kwa kuwa zote ni ukoo mmoja. Panda mahindi. Na ukiing'oa mizizi ukaikuta ina vinundu, hao ni minyoo fundo, wanaopenda kichanga chetu. Kwao karanga inasaidia kupumzisha ardhi.

Agosti mavuno yanaanza, na hapa ndipo ninapobishana na karibu kila mtu. Wanasema nyanya ya nyumbani iachwe iive mtini mpaka iwe nyekundu kabisa. Pwani usifanye hivyo. Rangi nyekundu ya nyanya inatokana na laikopini, na laikopini haijengeki vizuri joto linapopita nyuzi 30. Tunda lililo juani hapa linaweza kupata joto kuliko hewa yenyewe, kwa hiyo linabaki la chungwachungwa upande mmoja, mabega ya manjano, huku linalainika. Na kila siku linayokaa nje ni siku ya kunguru, panya, funza na kupasuka.

Mimi nachuma linapovunja rangi. Tunda limeacha kijani kibichi, limekuwa na weupe fulani, na kitakoni, pale kwenye kidoa cha ua la zamani, pamepata wekundu wa kwanza kiasi cha sarafu. Likifika hapo halihitaji tena mti. Kuiva kunaendelea lenyewe kwa ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi tunazozivundika. Nachuma asubuhi kabla jua halijalipasha, nalikunja kwenye kile kifundo cha kikonyo mpaka linakatika na kikofia chake. Kisha nayapanga kwenye ungo, safu moja, kikonyo chini, sebuleni kwenye kivuli na hewa. Dirisha halihitajiki, jua halihitajiki. Siku chache baadaye yanakuwa mekundu sawasawa, kuanzia kitako mpaka mabega, na harufu yake unaikuta mlangoni. Ukitaka haraka, weka kwenye boksi na ndizi mbivu moja. Usitie kwenye friji. Chini ya nyuzi 12 hivi harufu inakufa na nyama inakuwa ungaunga, na haitarudi hata ukiitoa.

Nyanya hizi hazidai mambo mengi jikoni. Mchuzi wa pweza unaopikwa kwa nyanya ya uani na tui zito hauhitaji kopo la dukani. Kisamvu kilichoungwa kwa korosho iliyotwangwa, pembeni kachumbari ya nyanya ndogo za maji ya kisima, chumvi kidogo kwa sababu nyingine imo tayari. Watoto wangu wanakula nyanya mkono mtupu, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya na nyanya ya sokoni, na mimi sikuwaambia neno.

Septemba zinakuja kwa wingi kuliko nyumba. Nyingine zinakwenda kwa jirani, nyingine nazipasua katikati, nazinyunyizia chumvi, nazianika kwenye chekeche lililofunikwa na wavu. Upepo wa Septemba unazikausha mpaka zinakunjika bila kutoa maji, na kwenye chupa iliyofungwa vizuri zinafika wakati wa mvua, pale nyanya sokoni zinapokuwa ghali na mbovu. Korosho zinapoanza kupelekwa mnadani Oktoba, mimi nang'oa miche.

Kabla ya kung'oa nachagua tunda kwa ajili ya mbegu. Mche nautia alama mapema, kitambaa chekundu kwenye fito, ule uliozaa sana bila kuugua. Tunda linaachwa liive kupita kiasi, linapasuliwa, mbegu na ute wake vinaingia kwenye kikombe na maji kidogo, vinakaa siku mbili au tatu mpaka vinachachuka na utando kujitokeza juu. Uchachu huo unayeyusha ule ute unaozuia mbegu kuota. Zinaoshwa, zinazoelea zinamwagwa, zilizozama zinaanikwa kivulini juu ya sahani, kwa sababu kwenye karatasi zinaganda. Zikikauka zinaingia kwenye chupa ndogo na majivu makavu, na jina la aina na mwaka vinaandikwa nje.

Msimu ujao nataka kitalu mara mbili, cha Aprili na kingine katikati ya Juni, ili Oktoba isinikute na miche iliyochoka tu. Yule bibi ameshaniomba miche kumi ya fungu la pili. Amenipa sharti moja, nisimletee Cal J, anataka zile ndefu.